Vifuniko vitatu vya meni: kisa cha bloku ya Chevrolet 350 iliyokuwa ikila beringi

Mwenye injini alikuja na ombi la maneno machache: alitaka bloku yake, yaani mwili wa chuma wa injini, ifanywe ya bolti nne. Alikuwa dereva wa mbio za viwanja vya udongo katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako nafanya kazi ya kuchonga vyuma kwenye karakana ndogo, na injini yake ilikuwa Chevrolet 350 ya kawaida kabisa, V8 ya lita 5.7 yenye bolti mbili kwa kila kifuniko cha meni. Katika msimu mmoja ilikuwa imemaliza seti mbili za meni beringi. Kila aliyemwuliza pale uwanjani alimpa jibu lilelile, kwamba bolti mbili ndizo maradhi na bolti nne ndizo dawa, naye alikuwa amekwisha kununua vifuniko vitatu vipya vya feleji kabla ya kutuletea chochote.

Nilikojifunza kazi hii, Mombasa, tulizoea kusema "meni" tu, na kila fundi alielewa: ni yale matundu matano yaliyo kwenye mstari mmoja chini ya bloku, ambamo krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, hulala na kuzunguka. Nusu ya juu ya kila tundu imechongwa kwenye bloku yenyewe, katika ukuta wa ndani unaokata bloku kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nusu ya chini ni kifuniko kinachofungwa kwa bolti kutoka chini. Kifuniko hakikai juu ya uso mtupu. Kinaingia katikati ya kingo mbili zilizochongwa kwenye bloku, kwa kubana, na ubavu wake wa kushoto na wa kulia hugusa kingo hizo. Katika maandishi haya nitaziita kingo hizo kiti cha kifuniko, na zile bavu nitaziita mabega. Naomba msomaji ayashike maneno haya mawili, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake, ingawa mwenye injini hakuwa ameyataja hata mara moja.

Injini ndogo ya V8 ya Chevrolet ilianza kuuzwa mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, nayo ilikuwa na bolti mbili kwa kila kifuniko. Ile ya 350 ilikuja na magari ya mwaka 1967. Bolti nne ziliingia mwaka 1968, zikiwemo kwenye 302 ya Camaro Z/28 iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio zilizokuwa na kikomo cha lita 5, na hata hapo kiwanda hakikuziweka kila mahali: vifuniko vya pili, vya tatu na vya nne ndivyo vilivyopata bolti nne, huku cha kwanza na cha tano vikibaki na mbili. Bloku yenye namba ya kalibu 3970010, ambayo ndiyo tuliyoletewa, ilitoka kiwandani kwa sura zote mbili. Chuma kilichomiminwa ni kilekile. Tofauti ilitokea baadaye, kwenye mashine. Wapo mafundi wanaosoma tarakimu za 010 na 020 zilizo nyuma ya kifuniko cha cheni kama kipimo cha bati na nikeli ndani ya chuma, na kwa tarakimu hizo huongeza bei. Sijawahi kuchonga bloku kwa kutegemea tarakimu hizo, na siku hiyo pia sikuzitegemea.

Sikukubali kazi mara moja. Bloku inayokula beringi inakula kwa sababu, na fundi anayeongeza bolti bila kuijua sababu anaweza kurudisha maradhi yaleyale yakiwa yamefungwa kwa bolti nyingi zaidi. Nilimwomba alete kila kilichokuwa kimefungwa kwenye krenki, pamoja na beringi za zamani, pistoni na plagi, hata zile alizokuwa amezitupa kwenye ndoo.

Beringi zilisema mengi. Katika meni ya kwanza na ya tano zilikuwa zimechakaa kidogo na kwa usawa. Katika ile ya pili, ya tatu na ya nne, nusu za chini zilikuwa zimelika upande mmoja hadi shaba ikaonekana, na karibu na mahali ambapo nusu mbili hukutana palikuwa na alama za kung'aa ambazo hutokea tundu linapobadili umbo wakati injini inafanya kazi. Vifuniko vyenyewe vilikuwa na madoa ya kijivu kwenye uso unaokaa juu ya bloku, madoa yanayofanana na kutu iliyosagwa kwa kidole. Hiyo si kutu ya maji. Ni chuma kilichosuguana na chuma kwa miendo midogo sana, maelfu ya mara kwa dakika, hadi kikatoa unga. Kifuniko kilichobanwa sawasawa hakina alama hiyo hata baada ya miaka.

Nikarudisha vifuniko kwenye viti vyake bila bolti. Cha kwanza na cha tano vilihitaji kugongwa kwa nyundo ya mpira. Cha tatu kiliingia kwa mkono, na fila geji, ubapa mwembamba wa kupimia nafasi, wa milimita 0.05 ikapita kati ya bega lake na bloku bila kubishana. Cha pili na cha nne vilikuwa afadhali kidogo, lakini navyo viliingia kwa mkono. Nilipoangalia mabega ya kifuniko cha tatu kwa lenzi niliona mikwaruzo sambamba ya tupa. Mtu fulani, katika karakana fulani kabla yetu, alikuta kifuniko kimebana, akakipunguza ili kiingie kwa urahisi. Bila shaka alidhani anamrahisishia mwenye injini kazi.

Palikuwa na jambo la pili, nalo lilijificha mbele ya injini. Dampa ya krenki katika injini hii ni pete nzito ya chuma iliyogandishwa kwa mpira juu ya kitovu, na alama ya taimingi, yaani ya kupangia wakati wa cheche, imechongwa kwenye pete ya nje, si kwenye kitovu. Mpira unapochoka, pete huteleza, na alama huhama pamoja nayo. Tulifunga krenki na pistoni ya kwanza kwa muda, tukatafuta kwa kizuizi na saa ya kupimia mahali halisi ambapo pistoni hufika juu kabisa, kisha tukailinganisha na alama. Tofauti ilikuwa digrii 7. Mwenye injini aliamini kwamba cheche yake ilipowahi kabisa ilikuwa digrii 35 kabla ya pistoni kufika juu, kipimo ambacho ni cha kawaida kwa injini hizi, kumbe alikuwa akiendesha kwenye 42. Baada ya hapo vichwa vya pistoni havikutushangaza: vilikuwa na vishimo vidogo kama vilivyodonolewa na ndege, na kaure ya plagi mbili ilikuwa na chembe za alumini. Injini ilikuwa ikinoki, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa ulikuwa ukilipuka kwa mshindo badala ya kuungua kwa mpangilio, na kelele za mbio za udongo hazimruhusu dereva kusikia jambo hilo.

Hapa ndipo nilipokaa na kalamu, kwa sababu nilitaka kujua kama bolti mbili zilikuwa na hatia kweli. Hesabu yenyewe ni ya juu juu, lakini inaonyesha ukubwa wa mambo. Silinda ya 350 ina kipenyo cha milimita 101.6, kwa hiyo eneo la kichwa cha pistoni ni kama sentimita za mraba 81. Tukichukua shinikizo la kilele la baa 80, kani inayosukuma pistoni ni takriban tani 6.6. Silinda za injini hii zimelala digrii 45 kutoka wima, kila safu upande wake, na kani hiyo inafika kwenye krenki ikiwa imelala vilevile. Ukiigawa, unapata kama tani 4.7 kwenda chini na nyingine kama hizo kwenda pembeni. Na kwa kuwa kila silinda imeegemea meni mbili, moja mbele yake na moja nyuma, kifuniko kimoja kinapokea tani 2.3 za kukivuta chini na tani 2.3 za kukisukuma ubavuni.

Bolti ya meni ina kipenyo cha inchi 7/16, yaani milimita 11.1, na kiwanda kinaagiza ikazwe kwa niutoni mita 95. Kwa msuguano wa kawaida wa hesi, yaani meno ya bolti, bolti moja iliyokazwa hivyo inabana kwa karibu tani 4.4, na mbili kwa tani 8.7. Tani 2.3 za kuvutwa chini hazitoshi kufungua mbano huo, wala hazikaribii. Bolti mbili, kwa upande wa wima, hazina kosa. Lakini mbano unaobaki, kama tani 6.4, ndio unaozuia kifuniko kuteleza pembeni, na chuma juu ya chuma chenye oili hushika kwa takriban sehemu 15 kwa mia ya mbano. Hiyo ni kama tani moja tu, dhidi ya tani 2.3 zinazosukuma. Zilizobaki lazima zichukuliwe na kitu kingine, na kitu hicho ni mabega ya kifuniko yaliyobanwa kwenye kiti. Hesabu hii haikuingiza uzito wa pistoni na fimbo zake zinaporushwa juu na chini, wala utando wa oili, wala ukweli kwamba injini inayonoki inapita baa 80 kwa mbali. Ila mwelekeo wake ni wazi. Kiwanda kiliuza mamilioni ya injini za bolti mbili zilizodumu, kwa sababu mabega yalikuwa yakifanya kazi ambayo hakuna aliyeisifia. Tupa ilipoyaondoa, kifuniko kilibaki kushikwa na msuguano peke yake, na digrii 7 za cheche zilizozidi zikafanya lililobaki.

Nilimweleza mwenye injini hivyo, naye akaniuliza swali zuri kuliko nilivyotarajia: je, basi alipoteza fedha kununua vifuniko vya feleji? Jibu langu lilikuwa hapana, lakini kwa sababu tofauti na aliyopewa uwanjani. Viti vya meni ya pili, ya tatu na ya nne vilikuwa vimelika na lazima vichongwe upya, na kiti kikichongwa kinapanuka, kwa hiyo kifuniko cha zamani hakiwezi kurudi. Vipya vilikuwa vimeachwa vipana mabegani makusudi. Tungeweza kutumia vifuniko vya feleji vya bolti mbili na injini ya nguvu za farasi 430 hivi ingeridhika. Lakini bloku ikishakaa kwenye mashine kichwa chini, ikiwa imepimwa na kufungwa, kutoboa matundu sita zaidi ni kazi ya nusu siku. Na hesabu ileile, ukiweka bolti mbili za nje zenye kipenyo hichohicho zilizokazwa kwa niutoni mita 88, inapandisha mbano hadi karibu tani 16.8 na ushikaji wa pembeni kutoka tani moja hadi zaidi ya 2. Mabega yanapumzishwa. Hilo ndilo faida ya bolti nne, na si nguvu ya kushikilia kifuniko kisianguke, kama wengi wanavyodhani.

Bado palikuwa na suala la mahali pa kutoboa. Katika bloku za bolti nne za kiwandani, bolti za nje husimama wima sambamba na za ndani, na ncha zake huishia katika sehemu ya ukuta wa meni ambayo ni nyembamba. Mfano unaofundisha zaidi ni ndugu yake mkubwa, 400. Ilipotoka mwaka 1970 ilikuwa na bolti nne. Kuanzia 1973 kiwanda kikarudi kwenye mbili, na leo wachongaji wengi wanaotaka kujenga injini ya nguvu kutokana na 400 wanaitafuta ile ya bolti mbili, kwa kuwa ile ya nne ilikuwa na tabia ya kupata ufa kuanzia kwenye matundu ya nje. Tundu ni chuma kilichoondolewa. Ukiliweka mahali ambapo chuma chenyewe ni kichache, bolti inakuwa imeshika vizuri kitu kinachopasuka. Vifuniko alivyonunua mteja wetu vilikuwa vya mtindo mwingine: bolti zake za nje zimelala, zikielekea nje kwenye ubavu wa bloku ambako ukuta unaungana na ukingo wa sampu, bakuli la oili, na chuma ni kinene. Huo ndio mtindo ambao ningemshauri hata kama angeniuliza mapema.

Kabla ya kuchonga tuliosha bloku, tukaipima ufa kwa unga wa sumaku, hasa kuzunguka matundu ya bolti za meni na chini ya mstari wa kemshafti, mhimili unaofungua vali. Haikuwa na ufa. Tuliilaza kichwa chini kwenye mashine ya milingi, na hapo tukatumia karibu saa tatu bila kukata hata uzi mmoja wa chuma. Kijana anayejifunza kazi kwetu alitaka kuipima kwa ukingo wa sampu kwa kuwa ni uso mrefu na umenyooka machoni. Ukingo wa sampu ulichongwa ili gasketi ikae, na hakuna aliyeahidi kwamba uko sambamba na mstari wa krenki. Tulipitisha ufito wa kupimia kupitia meni ya kwanza na ya tano, zilizokuwa bado na afya, tukanyoosha bloku kwa ufito huo kwa saa ya kupimia hadi tofauti kutoka mwanzo hadi mwisho ikawa chini ya milimita 0.02. Ukingo wa sampu, tulipoupima kwa udadisi tu, ulikuwa umepishana na mstari huo kwa milimita 0.2.

Viti vilichongwa kwanza. Uso wa chini ulisawazishwa na kupanuliwa kuelekea nje ili miguu mipana ya vifuniko vipya ipate pa kukaa, kisha kingo za kiti zikakatwa kidogo kidogo huku kila kifuniko kikipimwa peke yake kwa maikromita, kwa sababu vifuniko vitatu vya boksi moja vilipishana kwa milimita 0.03. Tulilenga kifuniko kiwe kipana kuliko kiti chake kwa milimita 0.07. Chini ya 0.05 sioni kama kuna haja ya kujisumbua. Juu ya 0.12 hivi unaanza kuusukuma ukuta wa bloku ufunguke, na kugonga kifuniko ndani kunakwangua chuma na kukiacha chini yake ambako hakitakikani. Kingo zote mbili lazima zikatwe kwa usawa kutoka kwenye mstari wa krenki. Ukikata upande mmoja zaidi, kifuniko kitabana vizuri kabisa, lakini tundu lake litakuwa limehamia pembeni na hakuna honi, jiwe la kusugulia tundu, itakayolirudisha.

Vifuniko vikagongwa ndani na kufungwa kwa bolti za katikati. Kwa matundu ya nje, kifuniko chenyewe ndicho kiongozi: bloku inainamishwa kwa pembe iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji wa vifuniko, bushi ya chuma kigumu inawekwa kwenye tundu la kifuniko, na keekee inashuka kupitia bushi hiyo hadi ndani ya bloku. Keekee inapokutana na uso uliolala hupenda kukimbilia upande wa chini, ndiyo maana bushi si anasa. Matundu sita yalitobolewa hivyo, kisha vifuniko vikaondolewa na mdomo wa kila tundu ukapanuliwa kwa kina cha milimita 3 kabla ya tepu, kifaa cha kukata hesi, kuingia. Hesi inayoanzia juu kabisa ya uso huvuta chuma juu bolti inapokazwa na kutengeneza kilima kidogo, na kifuniko kikikaa juu ya vilima kama hivyo basi hakijakaa. Tepu ilipitishwa kwa mkono. Hesi zilishuka zaidi ya mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti, kwa kuwa chuma cha kusubu hakina ukarimu wa feleji.

Badala ya bolti, kwa matundu ya ndani tulitumia stadi na nati. Stadi inashika bloku kwa hesi pana upande mmoja na nati kwa hesi nyembamba upande mwingine, na wakati wa kukaza haizunguki ndani ya chuma cha bloku. Stadi hubana kwa namna tofauti na bolti, na mbano tofauti hubadili umbo la tundu kwa sehemu za mia za milimita. Kwa hiyo zilifungwa kabla ya tundu kuchongwa, kwa grisi ileile na toki renchi ileile ambazo zingetumika siku ya kuunganisha injini. Nimewahi kuona bloku iliyochongwa kwa bolti ikaunganishwa kwa stadi, na beringi zake zikasema habari hiyo ndani ya saa chache.

Tundu la meni katika 350 linatakiwa kuwa kati ya milimita 67.07 na 67.09. Vifuniko vipya viliachwa na chuma cha ziada cha zaidi ya nusu milimita, lakini cha kwanza na cha tano vilikuwa vya zamani, na ili navyo viwe na cha kukatwa ilibidi uso wake unaokaa kwenye bloku upunguzwe. Tulipunguza milimita 0.05, kwa shingo upande katika kile cha tano. Kifuniko cha tano kimebeba mambo mengi: pampu ya oili imefungwa juu yake, beringi ya kuzuia krenki isisogee mbele na nyuma iko hapo, na katika bloku hii ya kabla ya mwaka 1986 ndipo inapokaa sili ya nyuma yenye vipande viwili. Ukikipunguza, mfereji wa sili unakuwa yai. Kisha laini yote ikachongwa kwa ufito mmoja wenye ncha za kukatia hadi zikabaki milimita 0.03, na jiwe la honi likamalizia. Matundu matano yalitoka kati ya 67.075 na 67.082.

Kazi ya namna hii ina deni lake, kwa sababu kila unapopunguza uso wa kifuniko na kuhoni, krenki inapanda kuelekea kwenye kemshafti. Umbali wa asili kati ya mihimili hiyo miwili katika injini hii ni milimita 114.83. Sisi tulipandisha kwa 0.03 hivi, lakini kipimo cha mwisho kilikuwa 114.70, maana yake ni kwamba karakana iliyotutangulia ilikuwa imekwisha kula milimita 0.1 bila kumwambia mtu. Cheni ya taimingi ya kawaida, inayounganisha mihimili hiyo, ingelegea. Zipo seti za cheni zilizotengenezwa kwa hali hii, na iliyopungua sehemu 5 za elfu za inchi, sawa na milimita 0.13, ilikaa vizuri. Upande wa nyuma deni hilohilo linadaiwa na giaboksi: nyumba ya klachi imeongozwa na pini zilizo kwenye bloku, na pini hazikupanda pamoja na krenki. Saa ya kupimia iliyofungwa kwenye krenki na kuzungushwa ndani ya tundu la nyumba hiyo ilionyesha 0.25, ilhali kikomo kinachokubalika ni 0.13. Tuliweka pini zenye kitovu kilichohamishwa, na tofauti ikashuka hadi 0.06. Wachongaji wengi huishia kwenye bloku na kumwachia mwenyewe agundue jambo hili kwa beringi ya giaboksi inayolia.

Krenki ilipimwa, ikasuguliwa kidogo tu, na nafasi ya oili katika meni zote ikatoka kati ya milimita 0.058 na 0.066, ile ya tano ikiwa kubwa kidogo kama inavyopaswa. Dampa mpya ilifungwa, na alama ya taimingi ikahakikishwa kwa kizuizi cha pistoni kabla ya injini kuwashwa. Mwenye injini aliambiwa kwamba kama angekuwa na fedha za kitu kimoja tu, vifuniko au dampa, ningemwambia anunue dampa. Alicheka, lakini nilikuwa nasema kweli.

Msimu uliofuata injini ilikimbia mashindano yote, na alipoileta kwa ukaguzi wa majira ya baridi tuliifungua sampu mbele yake. Kifuniko cha tatu kilikataa kutoka kwa mkono. Ilibidi kiondolewe kwa kutingishwa kidogo kidogo kwa ufito uliopitishwa kwenye matundu ya stadi. Chini yake uso wa bloku ulikuwa na rangi ileile ya mashine tuliyoiacha, bila doa la kijivu, na alama za kisu cha milingi zilikuwa bado zinaonekana. Beringi zilikuwa zimechakaa katikati, kwa usawa, na tulizirudisha mbili kati ya tano. Sili ya nyuma ilikuwa ikivuja tone moja moja, kama nilivyohofia nilipopunguza kifuniko cha tano, nayo tulibadilisha huku mwenyewe akituuliza kwa nini hatukumnunulia bloku nyingine tangu mwanzo.